Mnyoo wa Plastiki na Kibanda Changu

Nimewaona wanaume wajinga wa kila aina katika mtaa huu wa Mbotela, hapa Nairobi. Nimemwona aliyenunua jenereta akitaka kuwauzia umeme majirani ambao wote wana umeme. Nimemwona aliyefuga sungura ndani ya chumba kimoja na mke na watoto, mpaka mke akahama na sungura wakabaki. Majina yao nayajua, ya baba zao nayajua, na ya wake waliowakimbia nayajua. Sitayaandika, maana wengine wana watoto wenye haya, na watoto hao bado hununua samaki kwangu. Lakini sikuwa nimemwona mjinga wa kutaka kufungua duka la minyoo ya plastiki ya kuvulia samaki mahali ambapo hakuna ziwa, hakuna mto wa maana, hakuna hata dimbwi ila lile linalobaki bomba la maji likipasuka. Na mjinga huyo nilimzaa mimi. Ni kitinda mimba wangu.

Duka lenyewe alitaka kulifungulia ndani ya kibanda changu.

Kibanda hicho ni cha mabati, kiko nje ya ukuta wa estate, kwenye njia ndogo inayoangukia Jogoo Road. Nilikijenga nilipofiwa na mume wangu, na tangu hapo nimekaanga samaki humo. Mbuta kwa mwenye nafasi, ngege kwa mwenye wageni, na mgongo wazi, yaani ule mfupa mkubwa wa mbuta ambao minofu yake imeshaenda kwa matajiri, kwa yule anayetaka tu ugali wake upate harufu. Watoto wangu wote walisoma kwa karai moja. Mlango wa kibanda umeinama tangu siku lori lilipogeuka vibaya likausukuma. Kuufungua ni lazima uuinue kwa goti, utulie, halafu ufunguo uzunguke polepole kama unambembeleza mtoto mgonjwa. Ukija na haraka, kufuli inakukatalia mchana kutwa. Wezi wamejaribu wakachoka.

Huyu kitinda mimba alikuwa akifanya kazi Naivasha, katika hoteli moja iliyo kando ya ziwa. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni majini wakavue samaki anayeitwa besi. Hoteli ikafungwa. Akarudi kwangu, mtu mzima mwenye mvi za kuhesabika kidevuni, na mfuko mmoja wa nguo na sanduku la plastiki lenye vyumba vyumba kama la fundi wa saa. Nguo alizitupa kitandani. Sanduku alilibeba kwa mikono miwili, akaliweka juu ya meza ninayokatia samaki.

"Mathe, ona hii."

"Naona takataka."

"Huyu ni mnyoo."

"Mnyoo wa rangi ya zambarau? Uliona wapi mnyoo wa zambarau?"

"Samaki haangalii rangi vile wewe unaangalia."

"Sasa hapo ni samaki ndiye mjinga, ama ni wewe?"

Jirani yangu wa kibanda cha pili, mama anayeuza mitumba, alicheka mpaka akaangusha henga. Lakini kijana hakuona haya. Alitoa kimoja kimoja, na mimi nikavishika majina vyote, maana kitu ukitaka kukidharau vizuri ni lazima ukijue jina. Kulikuwa na kijiko, kipande cha bati kinachometameta majini. Kulikuwa na sketi, nyuzi za mpira zinazoning'inia kama marinda ya msichana wa ngoma, na juu yake kijibati kinachozunguka. Kulikuwa na kisamaki chenye ulimi: ukikivuta, ule ulimi unakizamisha. Kulikuwa na chura wa mpira mwenye tumbo tupu, anayepita juu ya majani bila kunasa. Na huyo mnyoo, ambaye ndoano yake huchomwa ndani ya mwili wake na kufichwa, na mbele yake hutangulia risasi ndogo ya kumzamisha. Mtu mzima, tena mwenye ndevu, akinieleza haya kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya shamba.

"Na huyo besi," nikamwuliza, "ni samaki wa wapi? Mbona sijawahi kumkaanga?"

"Si wa hapa. Waliletwa na Wazungu zamani, wakawekwa ziwani."

"Kwa nini?"

"Ndio wavue. Mchezo."

"Na wakishamvua?"

"Wanampiga picha, mathe, halafu wanamrudisha majini."

Nilidhani sikusikia. Nikamwita jirani aje asikie na yeye.

"Anarudishwa? Mzima?"

"Ndio akue, ashikwe tena."

Jirani akaniangalia, akamwangalia, akasema, "Huko hotelini walikuwa wanamlisha nini huyu?"

Mimi sikusoma sana, darasa za kuhesabika na madrasa, lakini madrasa ilinitosha kujua kwamba kiumbe hakitobolewi mdomo kwa mchezo. Ukimshika, mle. Hutaki kumla, mwache na mambo yake. Samaki aliyevuta hewa akaona jua halafu akaambiwa rudi nyumbani, atawaeleza nini wenzake?

Ningecheka tu yakaisha, lakini alianza kufundisha. Pale kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba alikusanya wanafunzi: fundi wa viatu, mlinzi wa godauni moja la Baba Dogo ambaye mchana alipaswa kuwa amelala, na dereva mstaafu ambaye mke wake alifurahi sana kumwona akitoka nyumbani. Akawapanga mstari, kila mmoja na fimbo ndefu ya kuvulia, wakawa wanachapa hewa. Shabaha yao ilikuwa karai langu lililotoboka, limewekwa katikati ya uwanja. Eti hapo ndipo besi alipo. Watu wazima wanavua karai.

"Mkono usiende nyuma sana!" anawapigia kelele. "Kama saa! Simama saa nne, malizia saa nane!"

Mlinzi akarusha. Ile ndoano ikapita juu ya karai, ikapita juu ya ukuta, ikashuka kwenye kamba ya nguo. Tukasikia jirani yangu anapiga ukelele. Akatokea ameshika dera lake jipya, limechanika begani, na kile kisamaki chenye ulimi kinaning'inia hapo kama bruchi.

"Shosh!" akaniita, maana hata wenye wajukuu huniita hivyo hapa mtaani. "Waambie hawa! Wamenivua dera na mimi mwenyewe simo ndani!"

Watu walicheka wiki nzima. Mimi sikucheka sana, kwa sababu jioni ile ile ndipo alipolitoa lile neno.

Alinisaidia kuosha karai, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, nikajua kuna kitu. Akasema, "Mathe, nipe kibanda. Wewe umechoka."

Nimeitwa mengi hapa Mbotela. Mkali, mchoyo wa kachumbari, mwenye mdomo. Sijawahi kuitwa aliyechoka.

"Nani amekuambia nimechoka?"

"Wote tunaona. Hata wenzangu."

Kumbe walikuwa wamelizungumza kwenye lile kundi lao la simu, watoto wangu wote, aliye Mombasa na walio kwengineko. Mmoja aliandika, mama apumzike. Mwingine akaweka mikono miwili ya kuomba dua. Walikubaliana kunipumzisha kama vile watu wanavyokubaliana kuhusu ng'ombe wa sadaka, na ng'ombe mwenyewe hayuko kwenye kundi. Hakuna aliyeuliza nikiamka alfajiri bila kwenda soko la Gikomba kuchagua samaki, nitakwenda wapi. Nikae kitini nimsubiri nani? Mimi najua wazee waliopumzishwa katika estate hii. Najua na makaburi yao.

Sikumjibu usiku huo. Kulipokucha nilimngoja mbele ya jirani, maana neno nililolisema mbele ya shahidi sijawahi kulirudisha, na watu wanalijua hilo kutoka hapa mpaka Majengo.

"Sikiliza," nikamwambia. "Tutakwenda huko ziwani kwako. Mimi nitakaa nitazame. Hiyo plastiki ikishika samaki mbele ya macho yangu, kibanda ni chako. Isiposhika, unafunga sanduku, unatafuta kazi ya watu wazima, na neno la kupumzika silisikii tena, si kwako, si kwenye simu."

"Siku gani?"

"Mwenye kibanda ndiye huchagua siku."

Akakubali mbio mbio. Haraka ndiyo ugonjwa wake tangu tumboni. Alitoka kabla ya mkunga kufika.

Sasa nikaanza kumwuliza maswali, taratibu, kama mama anayependa masomo ya mtoto wake. Besi anakaa wapi? Kwenye kivuli, anasema, chini ya mafunjo, chini ya magogo, hapendi kukimbia ovyo, anavizia. Anakula saa ngapi? Asubuhi, na jua likianza kuinama. Na ni wakati gani hali kabisa? Hapo akasahau kwamba anaongea na adui. Akasema baridi ikikaza, upepo ukigeuka, mawingu yakakaa siku nyingi, besi hushuka chini akanuna, unaweza kumpitishia harusi nzima mbele ya pua asigeuze jicho.

Nikamshukuru. Nikangoja Julai. Nikangoja ile baridi ya Julai inayofanya watu wa Nairobi waonekane wote wamefiwa, mawingu yamefunika mpaka huoni jua liko upande gani. Asubuhi moja nilipoona pumzi yangu inatoka kama moshi wa jiko, nikamwamsha.

"Leo."

Alichungulia dirishani, akaniangalia. Alielewa. Akachukua sanduku lake.

Ziwa ni kubwa, sikatai. Lakini lilikuwa la rangi ya majivu, na upepo wake uliingia kwenye mifupa bila kubisha hodi. Nilivaa sweta mbili, leso juu yake, na juu ya leso wakanifunga lile jaketi la rangi ya machungwa la kuzuia mtu asizame, nikawa kama tangi la maji. Mwenye mashua alikuwa mzee wa huko, mfupi, aliyefanya kazi na kijana wangu zamani. Alinipa mkono kuingia.

"Shikamoo mama. Umekuja kuvua?"

"Marahaba. Nimekuja kuzika."

Alimwangalia kijana, akaona uso wake, akawasha injini bila kuuliza ni maiti ya nani.

Tulisimama mbele ya ukuta wa mafunjo. Viboko walikuwa mbali, vichwa vyao vimeelea kama masufuria yaliyosahauliwa. Kijana akaanza. Nitasema kweli: kurusha anajua. Ule uzi ulikuwa unatoka ukilia, na ile sketi inatua palepale penye nafasi ya kiganja kati ya mafunjo mawili. Lakini ikishatua tu, anaivuta. Anazungusha lile gurudumu la uzi kama mtu anayefukuzwa. Akirusha mara chache na hajapata kitu, anakata, anafunga kingine. Kijiko. Kisamaki chenye ulimi. Chura, ambaye alipita juu ya majani akilia pwata, pwata, pwata, na ndege mmoja mweupe akageuza shingo kumdharau. Nilimpenda sana ndege yule.

"Ulisema anavizia," nikamwambia. "Mbona wewe ndiye unayekimbia?"

"Mathe, tafadhali."

"Nauliza tu. Niko shuleni."

Mwenye mashua akakohoa. "Baridi hii," akasema kwa upole, "besi hakimbizi kitu. Labda chakula kimlalie mdomoni."

"Najua," kijana akajibu, akarusha tena, akavuta tena mbio vilevile.

Saa zikaenda. Nilikuwa nashinda. Nilishajiona nikirudi Mbotela, nikiinua mlango wangu kwa goti, nikimwambia jirani, umeona? Kile kicheko kilikuwa kimekaa tayari kifuani. Kitu kimoja tu kilinikera. Yule kijana alikuwa ameacha kuongea. Alipokuwa akifunga ndoano, uzi ulimkataa, akaujaribu tena, ukamkataa, ukampita pembeni ya tundu mara ya tatu. Baridi, nikajiambia. Mtu aliyezaliwa kwa haraka hana nyama za kutosha.

Mwisho alirusha yule mnyoo wa zambarau. Akamwacha azame, na kabla hajaanza kumkimbiza, fimbo nyingine aliyoilaza sakafuni mwa mashua ikazongwa na uzi wake yenyewe, fundo juu ya fundo. Akatoa neno ambalo sikumfundisha mimi. Akanipa fimbo yenye mnyoo.

"Shika hii, mathe. Usiiache tu ianguke majini."

Nikaishika. Niliibana katikati ya magoti, maana mikono yangu ilikuwa na kazi. Nilikuwa nimebeba chapati na chai ya tangawizi kwenye chupa, na sikuona sababu ya kuiacha chai ipoe kwa ajili ya plastiki. Nikamega chapati. Nikanywa. Nikamtazama yule ndege mweupe. Yule mnyoo alikuwa huko chini kwenye matope, amelala hana kazi, kama wanaume wengine ninaowajua, na mimi sikumgusa. Niliona fahari kutomgusa.

Halafu uzi ukaanza kutembea. Hakuna aliyeuvuta. Ulianza kwenda pembeni polepole, kimya, kama mtu anayetoka mkutanoni kabla ya mchango.

Nililijua jambo hilo maana alinifundisha mwenyewe: besi akiokota plastiki anaipima mdomoni, akigundua si nyama anaitema. Ni kungoja tu. Ningemega chapati nyingine, ningeangalia upande wa viboko, na mnyoo angetemwa, na hakuna ambaye angejua, si kijana aliyeinamia mafundo yake, si mwenye mashua aliyekuwa akiwasha sigara mgongo umegeukia upepo. Kibanda kingekuwa changu mpaka siku ya kubebwa.

Watu wameniuliza baadaye, shosh, kwa nini ulivuta? Wanadhani nilimwonea huruma mtoto. Wanaoniuliza hivyo hawanijui. Maisha yangu yote mimi na samaki tumekutana samaki akiwa ameshakufa, nami nikapambana na wanawake wa Gikomba kumpata. Sasa huyu hai amekuja mwenyewe, yuko kwenye mkono wangu, na mimi nimwache aende zake? Sikuwaza kibanda. Niliwaza kitoweo. Chai ikamwagika, nikashika ile fimbo kwa mikono miwili nikaivuta juu kama mtu anayeng'oa muhogo.

"Weee!" mwenye mashua akapiga kelele. "Mama amepata!"

Yule samaki akaruka juu ya maji, akatikisa kichwa, mdomo wazi. Sijawahi kuona mdomo mkubwa hivyo ila wa manamba wa stendi anayeita abiria. Kijana akaacha mafundo yake, akaja nyuma yangu, nikamsikia pumzi sikioni. "Usilegeze, mathe. Usilegeze. Mwache avute, halafu umrudishe. Polepole. Polepole, mathe."

"Wewe ndiye wa kuniambia polepole?"

Mwenye mashua akainama, akamshika samaki kwa mdomo wa chini, akamwinua. Kijani mgongoni, mstari mweusi ubavuni, jicho la kisirani. Na kwenye pembe ya mdomo wake ananing'inia yule mnyoo wa zambarau.

Tukamtazama wote watatu. Mashua ikayumba kidogo. Kijana ndiye aliyeanza kusema, na hakunitazama.

"Hiyo haihesabiki. Umeshika wewe. Si mimi."

Alikuwa ananiachia. Mtu niliyemchagulia siku ya baridi kusudi ashindwe ananipa mlango wa kutokea, kwa sauti ya chini, ili mwenye mashua asielewe. Sijui kama kuna kitu kilichowahi kunichoma vile. Mimi nihurumiwe na mtu ambaye wanafunzi wake huvua dera la jirani?

"Nilisema plastiki ikishika samaki mbele ya macho yangu," nikamwambia. "Macho yangu ni haya. Plastiki ni hiyo. Mkono wa nani sikutaja."

"Mathe—"

"Kibanda ni chako. Nyamaza."

Kwa mazoea ya hotelini nadhani, akamchukua yule samaki kutoka kwa mzee, akamtoa ndoano kwa adabu, akapiga magoti kando ya mashua, akaanza kumshusha majini.

"Unafanya nini?"

"Namrudisha."

"Mimi nimepoteza kibanda kwa samaki huyu, halafu wewe umrudishe?"

Mwenye mashua alicheka mpaka sigara ikamtoka. Samaki nilimfunga ndani ya leso yangu, nikamweka mapajani mpaka Nairobi.

Tulifika kukiwa bado na mwanga. Niliinua mlango kwa goti, nikawasha jiko, nikampaa magamba, nikampaka chumvi, ndimu na pilipili, nikamkaanga. Jirani akaja, na wale wanafunzi wakaja, wakasimama wamenyoosha shingo kama wanaangalia mtoto mchanga. Kila mtu alipata kipande. Nao wakasifu, maana walikuwa wamepewa bure. Mimi nitasema ukweli: ni nyama nyeupe, safi, haina habari yoyote. Mbuta ana maneno, ngege ana utamu karibu na mfupa, hata mgongo wazi una historia. Huyu ni samaki aliyeletwa kuchezewa, na ana ladha ya mtu aliyechezewa. Nilikula mkia wote nikithibitisha.

Nilipomaliza kuosha, nikamwekea ufunguo juu ya lile sanduku. Mbele ya jirani. Kisha nikabeba karai langu, jiko langu, na ubao wa kukatia, nikavuka njia, nikaviweka kando ya ukuta wa pili, chini ya turubai. Wakati natandaza turubai mikono yangu iliniuma, na hiyo pia ilikuwa baridi.

Wateja wangu hawakupata shida yoyote. Harufu haina anwani. Asubuhi walisimama njiani, wakageuza pua kushoto, kulia, wakavuka. Ng'ambo pale, ndani ya mabati yangu, minyoo ikaning'inizwa kwa rangi zake zote kama mijusi waliokufa harusini. Wengi wanaoingia wanataka kushika tu. Mmoja aliuliza kama chura ni dawa ya panya. Lakini wapo waliokuja kweli, wanaume wa Buruburu wenye magari, wanaopeleka familia Naivasha mwisho wa wiki, wakanunua na kuuliza maswali, na kijana akawajibu. Namwona kutoka hapa. Anapoeleza jinsi ya kumvua besi siku ya baridi, huwaambia wamlaze mnyoo chini wasimguse, wanywe chai. Anasema ni mbinu. Mimi humgeuza mbuta wangu nikanyamaza, maana nikisema ni uvivu nitamharibia biashara, na duka likifungwa kibanda hakirudi kwangu, neno ni neno.

Kitu kimoja tu kilibaki. Ule mlango ulimkataa. Kila asubuhi nilikuwa nikiwasha jiko huku namsikia anaupiga mabega, anatikisa kufuli, anautukana. Na kila asubuhi nilingoja kidogo, nisikie vizuri, kisha nikavuka na vidole vya unga, nikamsukuma kando. Goti. Tulia. Zungusha.

"Umeona?"

"Nimeona, mathe."

"Hukuona. Ungeona ungefungua."

Kesho yake vilevile. Jirani akaanza kunitania. "Shosh, ulipewa talaka ama hukupewa? Mbona kila asubuhi unaamkia kwa mume wa zamani?" Nikamwambia aangalie dera lake. Lakini ilikuwa kweli nilikuwa natoka kitandani mapema kuliko zamani, nisije nikachelewa, na yule kijana mwenye haraka akavunja bawaba zangu.

Juzi nilikuwa nimeinama napuliza makaa. Nikasikia hatua zake, nikasikia ufunguo. Nikajipangusa mikono tayari kuvuka. Lakini hakukuwa na kishindo cha bega, wala tusi. Nikainua kichwa. Alikuwa amesimama na goti chini ya bati, kichwa ameinamisha, hafanyi kitu. Anangoja. Akangoja tena, mpaka mimi mwenyewe nikataka kumpigia kelele azungushe. Halafu kufuli ikalia tik, na mlango ukaja.

Akageuka, uso wote meno, kama siku alipojifunza kutembea.

"Mathe! Mathe, umeona? Umefunguka!"

Mtaa mzima ukasikia. Mimi nikasimama pale kando ya ukuta wangu wa pili, mikono mikavu, sina pa kuvuka kwenda.

"Kelele za nini?" nikamwambia. "Umefungua mlango, hukuvua nyangumi."

Nikarudi kwenye makaa. Mafuta yalikuwa bado hayajashika moto, lakini nilimtia samaki hivyohivyo, kisha nikawa sina la kufanya ila kungoja.